Nilizuru Washington Nikiwa Miasenyi

Nimefika Washington mara moja tu. Safari ilinichukua saa sita, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka la baba, simu imeegemezwa kwenye gunia la mchele ili ishike mtandao, laptopu mapajani, kuku wa jirani akinidonoa ndara. Niliingia kwenye jumba la Smithsonian la ndege na vyombo vya anga za juu. Nikaitazama Columbia, kile chombo kilichowarudisha watu wa Apollo 11 kutoka Mwezini mwaka wa 1969. Nikagusa jiwe la Mwezi, nikashangaa. Binti yangu wa miaka saba alishangaa zaidi.

Sina binti.

Mteja alikuwa na tovuti ya safari za familia. Alitaka maneno 1,500 kwa Kiingereza cha Kimarekani, na mwandishi awe mzazi aliyempeleka mtoto wake makumbusho wikendi. Dola 12. Weka hisia, aliniambia. Basi nikaweka. Nikaandika nilivyomshika mtoto mkono tukipanga foleni kuligusa jiwe, kipande kidogo kilicholetwa na Apollo 17, ambacho vidole vya watu wengi vimekilainisha. Nikaandika kuhusu Discovery, iliyo kwenye tawi la jumba hilo huko Chantilly, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Ilienda anga za juu mara 39. Ukitazama picha zake kwa karibu unaona mwili umeungua na kuchakaa kama sufuria ya hoteli. Hiyo ya sufuria nilifuta. Mteja angeuliza ni hoteli gani.

Kwa asiyeijua Miasenyi: ukitoka Mombasa kuelekea Nairobi, iko kati ya Mackinnon Road na Maungu. Ukisinzia unaipita. Sisi ni watu wa kupitwa. Malori ya Uganda na Congo yanapita mchana na usiku. Bomba la maji ya Mzima limepita kwenye kaunti yetu kwenda Mombasa tangu 1957, na sisi bado tunanunua maji kwa mtungi. Tangu 2017 tuna stesheni ya SGR, lakini treni inayosimama ni ile ya kila kituo. Ile ya moja kwa moja inatupigia honi tu. Ndovu wa Tsavo nao wanapita, ila wao angalau husimama, wakala mahindi ya mtu.

Sasa, nikitafuta picha za lile jumba ili mtoto wangu wa kubuni apate kitu kingine cha kushangaa, nikaona ukumbi wa roketi zilizosimama wima. Katikati ya zile nene kulikuwa na moja nyembamba, ndefu kama nguzo ya stima. Scout. Nikafungua ukurasa wake nipate sentensi mbili. Roketi za aina hiyo, ukurasa ulisema, zilirushwa kutoka sehemu tatu: Wallops kule Virginia, Vandenberg kule California, na San Marco, Kenya.

Nilidhani mtu amekosea kuandika. Jina San Marco nilikuwa nimelisikia, nikafikiri ni hoteli ya Waitaliano wa Malindi.

Nilisoma fizikia chuo kikuu kwa miaka miwili na nusu. Labda tulifundishwa siku ambayo sikuwepo. Siku ambazo sikuwepo zilikuwa nyingi, na hili nitalieleza, lakini wacha kwanza nimalize ya roketi, maana usiku ule sikulala.

Ni hivi. Miaka ya sitini, mhandisi Mwitaliano aliyeitwa Luigi Broglio, ambaye pia alikuwa mwanajeshi wa anga, alitaka nchi yake irushe setilaiti, na alitaka airushie karibu na ikweta. Sababu yake mtu wa fidato kwenye lori anaielewa vizuri: ukiruka kutoka kwenye gari linalokwenda, mwendo wa gari unaondoka nao. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndipo inakimbia zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa pale kuelekea mashariki inapata huo mwendo bure. Broglio akaleta majukwaa ya chuma, akayasimamisha kwa miguu yake baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa moja, San Marco, la kurushia. La pili, Santa Rita, la kuongozea kazi. Kati ya 1967 na 1988, roketi tisa za Scout zilipeleka setilaiti kutoka pale. Nyingine zilikuwa za Waitaliano, nyingine za Wamarekani, moja ya Waingereza.

Moja ya hizo za Wamarekani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Sikukuu ya Jamhuri. Msimamizi wa mradi ule upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na yeye ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Kwa hiyo mahali fulani kwenye vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, kuna neno letu, limeandikwa hivyo hivyo, halijatafsiriwa.

Na haikuwa setilaiti ya kujaribu jaribu. Kuna nyota na vitu vingine huko mbali vinavyotoa miale ya eksirei, lakini hewa yetu inaimeza yote kabla haijafika ardhini, kwa hiyo kuiona lazima utoke nje ya hewa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilijizungusha polepole ikilipekua anga, kama mtu aliyesimama shambani gizani akigeuza kichwa kusikiliza ndovu wako upande gani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta haraka haraka, kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kitu hakiwezi kumetameta hivyo kama ni kikubwa. Kumbe ni kidogo na kizito kupita kiasi. Wengi wanakihesabu kuwa shimo jeusi la kwanza ambalo binadamu walipata ushahidi wake wa kweli. Kiongozi wa wanasayansi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002.

Hayo yote yalianzia baharini, Ngomeni. Nami niliyapata kwa sababu Mzungu fulani alitaka kujua wapi ampeleke mtoto wake Jumamosi.

Niliingiza sentensi moja ya Kenya kwenye makala. Mteja akaifuta. Alisema inamchanganya msomaji.

Sasa hizo siku ambazo sikuwepo. Mwaka wa kwanza, karo ilikuwa shida ya kawaida, ile ya kila mtu. Baba aliuza ng'ombe wawili, akabaki na mmoja. Jirani yangu wa hosteli akanionyesha kazi ya mtandaoni: wanafunzi wa Marekani na Uingereza wanalipa, unawaandikia insha zao. Nilianza ili nilipie karo. Nilikuwa mzuri. Nilimwandikia mtu wa uuguzi, mtu wa historia, mtu mmoja aliyesoma uongozi wa hoteli kutoka muhula wa kwanza mpaka akahitimu. Picha yake na joho niliiona, alikuwa amefurahi sana. Usiku nilikuwa nawaandikia wao, mchana nilikuwa nalala. Ya maabara yangu nikawa naacha. Halafu mtihani mmoja, halafu mitatu. Mwaka wa tatu, muhula wa pili, niliacha kwenda kabisa. Nilikuwa na pesa kwenye M-Pesa siku hiyo. Ndiyo sehemu ambayo hunikaa kooni: siku niliyoacha, karo nilikuwa nayo.

Kisha zikaja programu za kuandika zenyewe, na wale wateja wangu wakaenda kama maji mchangani. Nikarudi nyumbani. Baba nilimwambia nimeahirisha masomo kwa ajili ya karo. Kila miezi miwili mitatu ananiuliza, bila ukali, "Mama, wanafungua lini?" Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Unamdanganyaje mtu anayekuita hivyo? Nilimdanganya miaka miwili.

Dola 12 zilipoingia nikamwambia nataka kwenda Malindi, kuna kitu nataka kukiona Ngomeni, kuna vyuma baharini.

"Vile vya San Marco?" akasema.

Nikamtazama. Baba amewahi kuwa utingo wa lori. Najua alibeba makonge, najua alibeba saruji. Sikujua kwamba alibeba chumvi. Gongoni, pale unapokata kwenda Ngomeni, kuna mashamba ya chumvi, na baba alikuwa akilala pale juu ya magunia wakisubiri kupakia. Mwaka 1988, ule wa roketi ya mwisho, alikuwa kijana wa kazi hiyo.

"Tuliviona kila siku. Tulikuwa tunajua wanachimba mafuta."

"Hawakuchimba mafuta, baba."

"Basi nitakuja nione walikuwa wanachimba nini."

Akamwachia jirani duka. Tulitoka alfajiri, tukapanda matatu ya Mombasa, pale tukabadilisha. Kilifi, Gede, Malindi. Baba alikaa dirishani kama mtoto, akinionyesha mahali lori lao lilipopinduka, mahali palipokuwa na mama wa mahamri. Tukavuka mto Sabaki, tukapita Mambrui. Gongoni ilipofika, yale mabwawa meupe ya chumvi yakaanza kung'aa kwenye jua, akanyamaza. Tukachukua bodaboda moja watu watatu, mgongo wangu unajua.

Sikuwa nimeomba ruhusa ya kuingia popote. Kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi mpaka leo, sasa kina jina la Broglio, kinawasiliana na setilaiti. Mimi nilitaka yale ya baharini, na hayo unayaona bila kumsumbua mtu. Tukashuka ufukweni. Mikoko, mashua zimelazwa ubavu, harufu ya samaki waliokaushwa. Na kule, juu ya maji, vimesimama: vyuma juu ya miguu, rangi ya kutu, kimoja na kingine, kama meza ambazo watu wameondoka bila kuzitoa.

Nilitegemea kushtuka. Sikushtuka. Kwenye lile jumba la Washington kuna taa, kuna kamba ya kuzuia watu, kuna maandishi yanayokuambia ni nini, kilienda wapi, uzito wake, na kwa nini ujali. Unaambiwa ushangae, unashangaa. Pale tuliposimama hapakuwa na kibao. Kulikuwa na kijana anayeziba mashua kwa pamba, na ndege mweupe juu ya mti wa mkoko.

Baba ndiye aliyeanzisha mazungumzo, kama kawaida yake. Kulikuwa na mzee anashona nyavu kivulini. Wakasalimiana, shikamoo yangu ikajibiwa, wakaulizana ya mvua. Kisha baba akamwambia, "Huyu binti yangu amekuja kwa ajili ya zile."

Mzee akacheka. Akasema siku za kurusha, alipokuwa mtoto, walikuwa wakikatazwa kuingia baharini, na baba yake alikuwa akikasirika kwa sababu samaki hawajui ratiba ya Mzungu. Akasema kilichomkaa kichwani ni kimya. Unaona moto, unaona moshi, kitu kinapanda, na hakuna sauti. Kimya kabisa. Halafu ndiyo inakuja, ghafla, mpaka kuku wanakimbia.

"Kimya kirefu kiasi gani?" nikauliza.

Akafikiri. Akahesabu kwa vidole polepole, moja, mbili, akitazama bahari, mpaka kumi na tano. "Hivi."

Nikachukua kijiti nikaandika mchangani. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mara kumi na tano. Mita 5,100. Kilomita tano na kidogo. Nikasimama nikatazama vile vyuma, nikamwambia mzee ilikuwa kama kilomita tano kutoka mahali ulipokuwa umesimama, na akasema ndiyo, ni hapo hapo, kwa mashua ni mwendo wa hivi na hivi.

Sijui jinsi ya kulieleza hili bila kuonekana nachekesha. Ni hesabu ya kidato cha pili. Lakini ilikuwa miaka miwili sijapiga hesabu ambayo si ya shilingi, na jibu lilikuwa kweli, lilikuwa limesimama pale baharini limeshika kutu, na hakuna mtu aliyenituma. Nikaendelea. Nikachora Dunia, nikachora ikweta, nikawaambia ya gari linalokwenda na mtu anayeruka, na baba, aliyewahi kuruka kutoka kwenye lori likienda akavunjika mkono, akasema, "Hiyo najua." Nikawaambia ya Uhuru na ile nyota inayometameta. Nikamwambia baba kwamba mwaka wa 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipelekwa California ndiyo irushwe, ile Vandenberg, wakati ya Wamarekani waliileta hapa. Mzee akauliza kama kile chuma kilichoanguka Mukuku, Makueni, Desemba ya 2024, kile duara cha kilo kama mia tano, kilitoka kwenye mambo hayo hayo. Nikasema ni jamaa zake. "Basi Wakamba wameletewa mpaka nyumbani," akasema.

Baba alikuwa ananitazama. Si michoro. Mimi.

"Mama," akasema. "Si wafungue tu urudi."

Nilikuwa na kijiti mkononi. Nikasema, "Baba, hawakufunga."

Mzee wa nyavu akainama akatafuta sindano yake chini ambayo haikuwa imeanguka. Namshukuru mpaka leo.

Nikamweleza yote, nimesimama, nikiangalia kile kijiti. Insha, usingizi wa mchana, mitihani. Kwamba barua ya kuahirisha haikuwepo. Kwamba siku niliyoacha nilikuwa na pesa. Hapo sauti iligoma, nikalirudia mara mbili ili asije akafikiri hakusikia vizuri. Bei ya ng'ombe wawili naijua kwa kichwa. Niliitaja.

Baba hakusema kitu. Hakuondoka pia. Akakaa kwenye ubavu wa mashua, akavua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta bei. Baada ya muda mrefu kuliko ule wa sekunde kumi na tano akamgeukia mzee akamuuliza kilo ya changu ni ngapi siku hizi. Wakaongea samaki. Akanunua wawili, wakafungwa kwa karatasi, akanipa mimi nibebe.

Kurudi, hakukaa dirishani. Tulivuka Sabaki kimya. Malindi tulikula viazi karai, alilipa yeye. Nilijaribu kuomba msamaha tena nikiwa na mdomo umejaa na akasema, "Kula kwanza." Samaki walianza kunuka kabla hatujafika Kilifi, makanga akatuuliza kama tunahamia.

Ilikuwa baada ya Mtwapa, giza limeshaanza, ndipo akasema, "Hiyo ya makumbusho uliyoandikia Mzungu. Unayo hapo?"

Nilikuwa nayo kwenye simu.

"Nisomee."

"Ni Kizungu, baba."

"Nisomee kwa Kiswahili. Wewe si ndiyo kazi yako?"

Basi nikaanza kumgeuzia, sauti ya chini, watu wa kiti cha mbele wakisikiliza wakijifanya hawasikilizi. Nikamsomea Columbia. Alitaka kujua watu watatu walikaaje mle ndani na walijisaidiaje. Nikamsomea Discovery, na nikairudisha ile ya sufuria ya hoteli kwa sababu hapakuwa na wa kunifutia. Akacheka kidogo, kwa pua. Nikafika kwenye foleni ya jiwe la Mwezi. Nikasoma: nilimshika binti yangu mkono, nikamwambia ulete kidole, usiogope, hiki kimetoka mbali sana.

Baba akaweka kofia yake kwenye goti.

"Huyo mtoto," akasema, "ulimpa jina gani?"

Nikapandisha kioo cha simu, nikashusha, nikatafuta. Maneno 1,500. Sikuwa nimempa jina.